Mwaka Niliosema Tayari

Taarifa ya msiba wa Fundi Zakayo ilinifikia nikiwa kazini Dodoma, kupitia kundi la simu la wanagenzi wake wa zamani, kundi ambalo kwa miaka yote sikuwahi kuandika ndani yake neno zaidi ya "Hongera" na "Amina". Niliandika "Poleni sana", nikaiweka simu kifudifudi, nikaendelea na ripoti iliyokuwa mezani. Baada ya saa nzima ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nasoma ukurasa uleule. Sikuwa na huzuni, ningekuwa nayo ningeitambua. Nilimwambia tu katibu wetu kwamba nimefiwa, naye akaniuliza ni nani kwangu, nikasema ni aliyenifundisha kazi. Kesho yake nikapanda basi la kwenda Same.

Upepo wa Same ulikuwa uleule, unaoingiza vumbi mpaka ndani ya chakula. Tulikaa chini ya maturubai nyumbani kwa marehemu, mchungaji akahubiri, kisha mpwa wake akasimama kusoma wasifu. Akasema Fundi Zakayo alilea wahandisi kumi na mmoja, na kwamba wote walitoka mikononi mwake wakiwa watu kamili. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimeinamia karatasi ya ratiba. Nilipoinua macho nilimwona Mbonea, viti vitatu mbele yangu, mvi zimemjaa pembeni, amevaa koti zito kwenye joto lile na mkono wa kulia ameuficha mfukoni.

Baada ya maziko tulipewa wali na maharage, na yeye akaja kukaa karibu yangu. Alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto.

"Nakijwa," alisema. "Hujabadilika. Bado unatembea kama mtu aliyeitwa."

"Habari za siku nyingi, Mbonea?"

"Ndiyo hizo. Niko nyumbani Vudee na mama. Maharage, kahawa kidogo, mbuzi."

Akaniambia ana binti, Neema, aliyemaliza shule mwaka jana na kupata nafasi chuoni kusomea elektroniki. Nikasema hongera. Akatikisa kichwa. "Nimemkatalia. Bibi yake pia amekataa. Kwetu tuna pupa, Nakijwa, mama anasema ni ya ukoo. Siwezi kumpeleka mtoto mahali nilipoacha vidole vyangu."

Nilikuwa na wali mdomoni. Niliutafuna, nikaumeza, nikanywa maji. Inanibidi sasa nieleze mwaka ule, na nieleze kama ulivyokuwa, maana mtu aliyesema maneno yale hakuwahi kuwa na pupa hata siku moja.

Mimi na Mbonea tulikuwa wanagenzi wa kampuni iliyohudumia mitambo ya redio na minara ya mawasiliano, kuanzia tambarare za Makanya hadi vilele vya Upare. Wenzetu wa umri ule walikuwa wanakaa mabweni na kwenda mihadhara. Sisi tulikuwa na ovaroli. Sehemu kubwa ya mwaka tulifanya kazi karakana ya Same, tukilipwa mshahara mdogo wa mwanagenzi, na kila muhula tulikwenda chuoni Arusha kwa wiki tatu za darasa na maabara. Kampuni ililipa ada. Kila kazi tuliyoifanya tuliiandika kwenye daftari kubwa la mafunzo, Fundi Zakayo akaweka sahihi, daftari likapelekwa Arusha, na alama zake zikahesabiwa pamoja na mitihani. Mwisho wa miaka minne ungepata shahada ya uhandisi wa elektroniki, ileile ya wale wa mabwenini. Mpango ulikuwa mpya, na huko makao makuu kulikuwa na wakubwa waliouona kuwa ni mchezo wa kuwapa watoto mitambo ya watu waichezee. Sisi wawili ndio tulikuwa wa kwanza. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa nne, wa mwisho.

Karakana ilikuwa na vyumba viwili kando ya barabara kuu, vilivyotenganishwa kwa silingibodi nyembamba. Upande mmoja meza za kazi, upande mwingine ofisi ya Fundi. Kulikuwa na harufu ya risasi iliyoyeyushwa, harufu ya vumbi lililoungua kwenye vipuri, na ifikapo mchana harufu ya makande, kwa sababu Fundi Zakayo hakuamini chakula cha hoteli. Aliyainjika mwenyewe uani asubuhi, mahindi na maharage, akayaacha yatokote polepole huku sisi tukifungua simu za upepo na kupima saketi. Tulikula tukiwa tumekaa kwenye makasha ya vifaa, madaftari ya hesabu magotini. Mara nyingine alipata samaki wa perege kutoka ziwa Jipe, na siku hizo alikuwa anazungumza zaidi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, mzee wa kanisa, na sikuwahi kumsikia akimwita mtu mjinga. Alikuwa na utani wa aina moja tu. Mbonea alikuwa akipima kila kitu mara mbili, hata betri aliyoipima jana, na Fundi alikuwa akimwambia, "Wewe siku ya kuoa utampima bibi arusi kwa mita." Kwangu alisema, "Nakijwa anamaliza kabla hajaanza." Nililichukulia hilo kuwa ni sifa. Kwa kweli nadhani hata yeye alilisema nusu kama sifa.

Tulisoma pamoja jioni kabla jua halijazama, kwenye meza ya kazi, tukisukuma waya pembeni. Mimi nilikuwa nafika kwenye jibu haraka, na mara nyingi lilikuwa sahihi. Yeye alikuwa anafika baadaye, na lilikuwa sahihi kila mara. Nikikosea alikuwa hasemi "umekosea". Alikuwa anasukuma karatasi yake karibu na yangu kidogo kidogo, mpaka nione mwenyewe. Hatukuwa wapenzi, watu waliuliza sana. Alikuwa mtu ambaye kwa miaka minne nilimwona kila siku ya kazi, na sikuwahi kujiuliza kama ningemkosa.

Nilipanga chumba nyuma ya duka la Bi Rukia, karibu na soko. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele na maharage, mama mkubwa wa mwili, mwenye maneno mengi na roho nzuri. Ukuta kati ya chumba changu na jiko lake haukufika juu, kwa hiyo kila alichokisema akiwa anakaanga vitunguu kilikuja kwangu pamoja na moshi. Nilijua ugomvi wa majirani, bei za soko la Hedaru, na ndoa za watu ambao sikuwahi kuwaona. Mwanzoni ilinisumbua. Baadaye nilizoea, kiasi kwamba chuoni Arusha nilishindwa kulala kwa ukimya.

Juu milimani, zaidi ya mwendo wa saa moja kwa gari ya kampuni, kulikuwa na mtambo wa zamani wa kurushia matangazo. Ulikuwa wa vali, zile chupa za kioo za kizamani, kabati la chuma refu kuliko mtu, na ndani yake kulikuwa na kapasita kubwa za umeme wa nguvu. Kwa asiyejua, kapasita ni kama debe la umeme. Ukizima mtambo, debe linabaki limejaa, na linaweza kumuua mtu ingawa swichi imezimwa na taa zote zimelala. Kwa hiyo ilikuwepo fimbo maalumu, yenye ndoano ya shaba na waya uliounganishwa ardhini. Kabla mtu hajaingiza mkono, mwenzake anagusisha ndoano ile kwenye kapasita, umeme unamwagika ardhini, fimbo inaachwa ikining'inia hapohapo, na ndipo anasema "tayari" na kuweka alama kwenye karatasi ya usalama. Fundi Zakayo alitufundisha hivyo siku ya kwanza kabisa. "Kuzima siyo kumwaga," alisema, akatufanya turudie kwa sauti, kama watoto wa kipaimara.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida, asubuhi ya baridi na ukungu huko juu. Fundi alikuwa nje, nyuma ya kibanda, anahangaika na jenereta iliyogoma. Mtambo ulikuwa umeanza kukatakata, na Mbonea alikuwa abadilishe kifaa kimoja ndani ya kabati. Zamu ya fimbo na karatasi ilikuwa yangu. Lakini daftari langu la mafunzo lilitakiwa Arusha siku ileile, nilikuwa nimepanga kulituma kwa basi la mchana, na kurasa tatu zilikuwa bado tupu. Nilikaa kwenye kigoda, daftari juu ya goti moja, karatasi ya usalama juu ya jingine. Niliweka alama kwenye visanduku vyote vya karatasi ya usalama kwa mpigo, kama nilivyofanya mara nyingi, kwa nia ya kunyanyuka baada ya sentensi moja. Naikumbuka sentensi ile mpaka leo. Ilihusu kichujio cha masafa ya chini.

"Umemwaga?" Mbonea aliuliza.

"Tayari."

Hakuingiza mkono. Kisha akauliza tena, kwa upole, kama alivyofanya kwa kila kitu. "Nakijwa, umemwaga?"

"Si nimeshasema tayari, Mbonea."

Mlio wa umeme ulipompiga haukuwa mkubwa kama watu wanavyodhani. Ulikuwa kama mlango wa gari unaofungwa kwa hasira. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika ukutani upande wa pili, amekaa, kichwa kimeinamia begani, na mkono wa kulia ulikuwa unatoa moshi mdogo. Jambo la kwanza nililofanya ni kuweka daftari chini taratibu ili kurasa zisikunjike. La pili ni kuchukua fimbo na kuitundika kwenye kapasita. Ndipo nilipomwendea. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifuata mpangilio ule. Mtu wa usalama angesema fimbo kwanza ni sahihi. Daftari sijui angelisema nini.

Fundi Zakayo aliingia akiwa na mafuta mikononi. Aliitazama fimbo, akanitazama mimi.

"Sikumwaga," nilimwambia.

Alipiga magoti, akasikiliza kifua cha Mbonea, akasema, "Anapumua. Shika miguu."

Tuliteremka, Fundi akiendesha, mimi nyuma kwenye pikapu, kichwa cha Mbonea mapajani pangu na mkono wake umefungwa kwa shati la Fundi. Alifumbua macho mara mbili lakini hakunijua. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa anaanika maharage kwenye mkeka kando ya barabara, akasimama kutupisha, akaweka mkono kifuani pake kwa heshima kama unavyofanya kwa maiti. Nilifikiri, huyu amekosea, mtu wetu ni mzima. Nilifikiri pia kwamba basi la mchana lingekuwa limeondoka. Mawazo hayo mawili yalikaa kichwani sawasawa, hakuna lililokuwa zito kuliko jingine, na kwa mwaka mzima uliobaki mambo yote yalikaa hivyo. Hospitali ya Same walimpa huduma ya kwanza wakampeleka Moshi. Huko walikata vidole vitatu. Viwili vilivyobaki havikukunja tena.

Siku chache baadaye meneja alikuja kutoka Arusha. Nilikuwa meza ya kazi, wao ofisini, na silingibodi ilipitisha kila neno.

"Nani alimpa ruhusa ya kuingiza mkono?" meneja aliuliza.

Nilikuwa na pasi ya kuyeyushia risasi mkononi, nikaendelea kuishika bila kuunganisha kitu.

"Kijana alifungua kabla hajaambiwa," Fundi Zakayo alisema. "Pupa."

"Una uhakika?"

"Nimewalea mimi."

"Afadhali," meneja akasema, na nikasikia kiti kikilia. "Makao makuu wanasubiri sababu. Ingekuwa karatasi ya usalama inajazwa hovyo, wangefunga mpango mzima, na huyo binti wangemrudisha kwao leo."

Waliniita nikaingia. Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Ilisema mwanagenzi alifungua kabati na kuingiza mkono bila kusubiri kibali cha mwenzake. Ilikuwa na muhuri. Mahali pa shahidi palikuwa na jina langu, nikaweka sahihi. Meneja alipoondoka Fundi alibaki amesimama dirishani anatazama malori ya barabara kuu, mgongo kwangu. Alisema, "Mmoja ameumia. Sitaki wawe wawili." Katika miaka yote iliyofuata hatukulitaja tena, si mimi wala yeye. Siku ile makande yaliungua kidogo, tukayala hivyohivyo, sisi wawili tu, kwenye makasha yetu.

Nilikwenda Moshi mara moja. Mbonea alikuwa amelala usingizi wa dawa. Mama yake alikuwa kwenye benchi la nje ya wodi, amejitanda kitenge, mwanamke mwembamba aliyenyooka, wa huko juu Vudee, ambaye nilikuwa nimekula kwake mara kadhaa siku za sikukuu. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono wala hakuuachia.

"Barua imekuja nyumbani," alisema. "Wanasema alikuwa na haraka. Yeye mwenyewe hakumbuki lolote tangu alfajiri ile. Wewe ulikuwepo, mwanangu. Alifanyaje?"

Kusaini kulikuwa jambo jepesi, na lingeweza kubaki kati yangu na karatasi. Hapa nilikuwa na mdomo wangu na macho ya mama yakinitazama.

"Alifungua kabla sijamwambia, mama," nilisema.

Aliuachia mkono wangu taratibu. "Nilimwonya tangu mdogo," akasema. "Nilimwambia, polepole, Mbonea, polepole." Nikajua kwamba hakuwahi kumwonya hivyo, kwa sababu mtoto yule hakuwahi kuhitaji. Lakini alikuwa ameshaamua kukumbuka, na nilikuwa nimemsaidia.

Miezi iliyofuata nilifanya kazi ya watu wawili. Nilisoma, nilipima, nilijaza karatasi za usalama kisanduku kimoja kimoja kwa kalamu iliyobonyezwa mpaka inatoboa. Kila mtu alisema nimekomaa. Usiku nililala. Hilo lilinishangaza zaidi ya yote, kwamba nililala vizuri. Jioni moja nikiwa chumbani nilimsikia Bi Rukia akizungumza na dada yake jikoni.

"Yule binti halii," alisema. "Tangu mwenzake aungue, sijamwona hata chozi."

"Labda analia moyoni."

"Moyoni wapi? Anakula anamaliza sahani, anaiosha, ananishukuru. Mimi ningependa avunje hata kikombe."

Nilikiangalia kikombe kilichokuwa mezani kwangu. Nilifikiri kwamba kama kweli nahitaji kulia ningekivunja, na kwa kuwa sikuona sababu ya kukivunja, basi sihitaji. Nilikiosha asubuhi.

Nilifaulu. Fundi Zakayo alikuja mahafali Arusha akiwa amevaa suti ya kahawia, akapiga picha akiwa ameshika kofia yangu kifuani kama sahani ya sadaka. Mpango haukufungwa. Walikuja wanagenzi wengine, wawili wawili, na pamoja nami ndio hao kumi na mmoja waliosomwa kwenye wasifu. Nimefanya kazi nzuri tangu wakati ule, sina sababu ya kusema uongo kuhusu hilo pia. Kuna mitambo inayofanya kazi leo kwa sababu yangu. Wakati mwingine huwa nafikiri Fundi alipiga hesabu yake na ikatoka sawa, watu kumi na mmoja kwa mmoja. Lakini kwa miaka ile yote hakuna siku niliyomwona akimtania mwanagenzi kuhusu kupima mara mbili.

Chini ya turubai, Mbonea alikuwa amemaliza wali wake na anafuta kijiko. Nilimwomba tusogee. Tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha tangi la maji, mahali wanawake walipokuwa wameegemeza masufuria. Nilimweleza. Sikumzungusha. Nilimwambia karatasi niliijaza kabla, fimbo sikuigusa, wewe uliuliza, nikasema tayari, ukauliza tena, nikasema nimeshasema. Nilimwambia kuhusu silingibodi, na kuhusu benchi la Moshi.

Alisikiliza huku anatazama ardhi. Kisha akasema, "Niliuliza mara mbili?"

"Mara mbili."

"Sikumbuki." Akautoa mkono mfukoni, akautazama kama kitu alichoazimwa. "Unajua mimi nyumbani sibadilishi hata taa? Taa ikiungua naita mtu. Natetemeka. Miaka ishirini na ushee najiambia, wewe Mbonea usishike kitu, unajijua ulivyo." Mtu alipita na ndoo akatusalimu, tukaitikia wote wawili. "Na Fundi alikuwa akija kututembelea. Kila mwaka, na sukari. Nilikuwa nafikiri ni upendo tu."

"Ulikuwepo upendo pia," nilisema.

"Usinifundishe." Alisema bila kupaza sauti. Nikataka kumwomba msamaha, akaona mdomo wangu unafunguka, akanizuia kwa mkono ule ule wenye vidole viwili. "Siyo hapa kwenye msiba wa mtu. Kesho upande Vudee. Umwambie mama, kwa mdomo uleule."

Nililala nyumba ya wageni karibu na stendi, na asubuhi nikachukua bodaboda. Kijana aliyeniendesha aliniuliza kama naenda kuhani msiba, nikasema ndiyo. Nyumba ilikuwa ileile, imeongezewa chumba. Mama Mbonea alikuwa barazani anapukuchua maharage kwenye ungo, mgongo umepinda sasa, lakini macho hayajafifia. Mbonea alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amemwambia kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu si Nakijwa? Karibu mwanangu, karibu kiti. Neema! Injika chai, tuna mgeni wa baba yako."

Nikasema, "Mama, naomba chai isubiri kwanza." Nikakaa, nikamweleza. Nilitumia Chasu, lugha yetu ya Upare, kwa sababu uongo niliusema kwa Kiswahili na nikaona aibu kuurudia ukweli kwa lugha ile ile. Mikono yake iliendelea kupukuchua kwa muda, kisha ikasimama. Binti alikuwa ametoka jikoni, mrefu, ana paji la uso la baba yake, sufuria tupu mkononi.

"Rudia hapo," mama alisema. "Alipouliza."

"Aliuliza kama nimemwaga umeme. Nikasema tayari. Hakuingiza mkono, mama. Aliuliza tena. Niliposema mara ya pili ndipo akaingiza."

"Kwa hiyo alisubiri."

"Alisubiri."

Akageuka kwa binti. "Umesikia? Baba yako alisubiri." Kisha akamtazama mwanawe pale mlangoni, kwa muda mrefu, na alipozungumza hakuwa anazungumza na mimi. "Kila Jumapili," alisema, "kila Jumapili tangu mwaka ule, nimemwomba Mungu akuondolee pupa. Mbele ya kanisa zima nimesimama nikakuombea. Mungu alikuwa ananisikiliza anashangaa, huyu bibi anazungumzia mtoto gani?"

Mbonea aliinama kwenye kizingiti akaanza kulia, kwa sauti, kama watu wanavyolia makaburini, na mama yake akainuka kwa shida akaenda kukishika kichwa chake. Ungo ulipinduka, maharage yakatawanyika barazani. Mimi na Neema tukayaokota. Sikulia. Nilisikia tu vidole vyangu vimekuwa baridi, na nikaona kwamba vinatetemeka kiasi cha kushindwa kushika punje. Binti aliliona hilo pia, akasogeza ungo karibu yangu ili nisilazimike kuzipeleka mbali.

Tulipomaliza, bibi alirudi kwenye kiti chake. "Sitakupa chai leo," aliniambia. "Nimeshindwa. Sikufukuzi, lakini nimeshindwa. Siku nitakayoweza, nitamtuma Neema akuite."

Nikasema, "Nimesikia, mama." Nikaaga, nikateremka kwa miguu mpaka barabarani.

Neema alianza chuo muhula uliofuata, baba yake ndiye aliyempeleka. Huniandikia mara kwa mara kuhusu saketi zinazomtatiza, naye huuliza kila swali mara mbili, kwa namna mbili tofauti, na mimi humjibu mara zote mbili. Kwenye ujumbe wake hunipa habari za nyumbani. Kahawa imezaa. Babu wa jirani amefariki. Bibi hajambo, anawasalimia. Huwa nasoma mpaka mwisho, polepole. Mpaka ninapoandika haya, sijaitwa.